Gari la Stima au Gari la Nyumba Mbili

Gari letu la kwanza lilikufa mlimani karibu na Rongo, likiwa limetubeba mimi, mume wangu na kuku wawili wa zawadi. Fundi alifungua boneti, akachungulia ndani kwa muda, kisha akaifunga polepole kama mtu anayemfunika marehemu uso.

"Mwalimu," akaniambia, "hili zikeni tu."

Hivyo ndivyo mume wangu, ambaye ni daktari wa mifugo, alivyogeuka kuwa mtaalamu wa magari. Kila jioni ugali ulipoa mezani hapa Migori akinieleza habari za betri. Alitaka gari la stima tupu, linalotumia betri pekee. Halina oili, alisema, halina moshi, halina cha kuharibika. Mimi nilitaka haibridi ya kuchomeka, yaani gari lenye betri unayoichaji nyumbani pamoja na injini ya petroli ya kukuokoa betri ikiisha. Mimi hufundisha jiografia. Naijua milima iliyo kati yetu na kwa mama mkwe wangu, Lambwe.

"Gari la injini mbili ni kama mume wa wake wawili," mume wangu alisema. "Kelele mara mbili."

"Baba yako alikuwa nao wawili."

"Ndiyo maana najua."

Rafiki yake wa tangu shuleni, ambaye huleta magari yaliyotumika kutoka Japani na kuyauza, alichoshwa na simu zetu. Akatuambia tukae na gari la stima wikendi moja, na haibridi wikendi inayofuata, kisha tumpe amani.

Tulianza na la stima. Tuliondoka Migori Jumamosi asubuhi betri ikiwa imejaa pomoni, na gari lilikwenda kimya hata nikasikia tumbo la mume wangu likinguruma. Tulipofika Lambwe, mama mkwe alikuwa ameketi uani akichambua kunde, ametupa mgongo. Nilimwambia mume wangu apige honi. Akakataa. Alitaka kufika taratibu, kama malaika. Mama alipogeuka kuchukua sufuria na kukuta pua ya gari karibu na bega lake, sufuria iliruka upande wake na kunde upande wake.

"Yawa!" alipiga yowe, na majirani wakaja mbio wakidhani ni nyoka.

Alipopata pumzi aliliangalia gari, akatuangalia sisi kwa huruma. "Mmelisukuma kutoka wapi?"

Betri ilikuwa imeshuka chini ya nusu, maana milima ni milima hata kwa gari la kisasa. Mume wangu hakutishika. Alitoa waya wake kwenye buti, akauliza soketi iko wapi. Mama akamwonyesha paa la nyumba, palipokuwa na paneli ya sola yenye ukubwa wa sinia.

"Hiyo ni ya simu," akasema. "Tena jua likikubali."

Soketi ya karibu ilikuwa sokoni, kwenye mashine ya kusaga unga. Mwenye mashine alikuwa mwanamke wa makamo, mweupe kwa vumbi la unga hadi kwenye kope. Alimsikiliza mume wangu akieleza mambo ya volti mpaka mwisho, kisha akasema mashine na gari haviwezi kula pamoja. Stima ya hapo ni ndogo.

"Kwa hiyo?" mume wangu aliuliza.

"Kwa hiyo foleni. Gari lako liko nyuma ya yule mama wa kitambaa cha kijani."

Tukapanga foleni. Gari lilisogea na watu wenye madebe yao ya mahindi, na zamu yake ilipofika lilichomekwa. Lakini Jumamosi ni siku ya kusaga. Kila alipotokea mtu mwingine na debe, mwenye mashine aliuchomoa waya bila hata kututazama. Mama mkwe alikuwa ametufuata na kigoda chake, ameketi kivulini, akiwaeleza wapita njia kwamba gari la mwanawe linanyonya na bado halijashiba.

Nilikaa karibu naye, nikamweleza ubishi wetu. Nikamuuliza yeye angechukua lipi. Huniita nyar Kendu, binti wa Kendu, kwa sababu kwetu ni Kendu Bay. Alikuwa mke wa pili, na mke mwenzake alikwisha kufariki.

"Nyar Kendu," alisema, "shida ya mume wa nyumba mbili si kelele. Ni njaa. Mimi nilidhani amekula kwa mwenzangu, mwenzangu akidhani amekula kwangu. Siku moja nilimkuta shambani anatafuna hindi bichi."

Tulilala kwake, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya kwa muda mrefu. Jumapili hakuna anayesaga. Mwenye mashine alituchomekea waya, akaenda kanisani, na gari likapata asubuhi nzima ya kunywa peke yake. Tulirudi bila kuwasha kiyoyozi, jasho likitutiririka, tukipitwa na bodaboda iliyobeba kochi. Ila kwenye miteremko, gari lilipojirudishia chaji kidogo, mume wangu alishangilia kama mtu aliyefunga bao la ushindi.

"Umeona!" alisema. "Linajichaji lenyewe!"

"Basi tafuta njia ya kwenda kwa mama ambayo ni mteremko tupu. Kwenda na kurudi."

Wikendi iliyofuata ilikuwa yangu. Mpwa wangu alikuwa anaolewa Kendu Bay, na tulikwenda na haibridi, mimi nikiwa nimevaa gauni la kitenge lenye mabega ya kutisha. Gari hilo lilikuwa bado linaongea Kijapani. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani, na humo ndani mlikuwa na sauti ya mwanamke, nyororo, yenye adabu kuliko ya mtu yeyote ninayemfahamu. Tulipowasha gari alisema jambo. Tulipopita Homa Bay akasema jambo refu zaidi.

"Anatutakia safari njema," mume wangu alieleza.

"Asante, mama," nikamjibu yule mwanamke.

Akarudia. Mume wangu alisema Wajapani wana heshima sana. Alirudia tena, mara hii taa ya rangi ya chungwa ikiwaka, na muda mfupi baadaye gari likapunguza mwendo, likasogea kando ya barabara, likanyamaza. Kendu Bay ilikuwa mbele kidogo tu.

"Uliweka petroli?" mume wangu aliuliza.

"Petroli? Si wewe ndiye uliyepita kituoni jana? Na wewe uliichaji usiku?"

"Nilidhani umeichaji wewe. Gari ni lako hili."

Tulitazamana. Wote wawili tulimkumbuka baba yake na hindi lake bichi, na nilikuwa wa kwanza kucheka, ingawa nilikuwa nimekusudia kununa.

Nilipanda bodaboda na gauni langu, mabega yakipigwa na upepo kama tanga, nikaenda mjini kununua petroli. Nilirudi nimekumbatia mtungi wa plastiki uliowahi kuwa na mafuta ya kupikia. Injini ilipowaka, yule mwanamke alisema neno moja fupi. Mume wangu alidai ni pole. Tulifika harusini watu wakiwa wameshaketi kula, na mimi nikinukia kama pampu. Kaka yangu alinikumbatia, akarudi nyuma, akamwambia mwenye jiko asinisogeze karibu na moto.

Ungedhani baada ya hapo kila mtu alikuwa na uhakika. Tulikuwa nao, ila tulikuwa tumebadilishana. Sasa mume wangu ndiye aliyetaka haibridi, kwa sababu mtungi mmoja ulikuwa umetutoa pale barabarani, na nadhani pia kwa sababu ya ile sauti. Mimi nilitaka gari la stima. Shule yangu, soko na kanisa vyote viko hapa hapa Migori, na soketi iko barazani kwetu. Isitoshe, mama mkwe alikuwa ameniambia kwamba kwa miaka yote tulikuwa tukifika kwake, tukila, tukiondoka kabla vyombo havijakauka. Gari linalotulazimisha kulala halikumkosea kitu.

"Nani ataliendesha kila siku?" nilimuuliza mume wangu. Yeye huenda kwa wafugaji kwa pikipiki ya kazi.

"Wewe."

"Basi."

Tukachukua la stima. Wiki ile ile mvua ya mawe ilipiga Migori, transfoma ya mtaa wetu ikalipuka, na tukakaa gizani siku kadhaa. Gari lilisimama mbele ya baraza likiwa safi, zuri na halina hata tone la chaji. Asubuhi nilitoka na rundo la madaftari ya kidato cha tatu, nikamkuta mume wangu ameshawasha pikipiki ananisubiri. Nikapanda nyuma yake. Njia nzima hakutamka neno petroli, ila mabega yake hayakuacha kucheka mpaka tulipofika lango la shule.