Mayai Kumi na Moja na Chungu cha Bibi

Tik. Mlio mdogo, kama mtu anavunja njiti ya kiberiti chumba cha pili. Mpaka leo nikitulia nausikia.

Ulikuwa unatoka kwenye kidude cha kudhibiti joto, nilichokipigilia ubavuni mwa mashine yangu ya kutotolesha vifaranga, nyumbani kwetu Nyahanga. Joto likishuka ndani, tik, balbu nne zinawaka. Likifika kiwango, tik, zinazimika. Kutwa nzima hivyo. Bibi yangu alisema mashine ina kigugumizi, inaanza neno halafu inaliacha.

Naiita mashine, lakini lilikuwa sanduku la plaiwudi nililogonga misumari mwenyewe, likasimama kwenye miguu minne mifupi. Kwa nje nililivika blanketi kuukuu mpaka sakafuni. Kidude alikinunua kaka yangu huko Geita, anakofanya kazi kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Alikituma kwa basi kikiwa ndani ya soksi yake, na namshukuru Mungu soksi ilikuwa imefuliwa. Kilikuwa na akili kile kidude. Kilituma joto la sanduku kwenye simu yangu, hata nikiwa bombani kwenye foleni ya maji. Mimi niliyeishia kidato cha pili nilitembea na simu mkononi kama daktari. Nilikuwa nimeshachagua mpaka rangi za kibao cha kampuni yangu: kijani na njano.

Lakini mayai ya kwanza kuingia humo hayakuwa ya kampuni. Yalikuwa ya bibi.

Bibi alipoolewa, mama yake alimpa tetea mmoja aondoke naye kutoka kwao, upande wa Mhunze. Kuku wote aliofuga maisha yake walitokana na huyo tetea, na alipohamia kwetu alikuja nao. Kisha siku moja kicheche akaingia bandani. Tulipofungua asubuhi matetea wote walikuwa wamelala chini. Alipona jogoo tu, mwoga yule, tulimkuta juu ya bati. Kwenye kiota yakabaki mayai kumi na moja, ambayo mama yao hakuwahi kuyalalia. Bibi aliyaokota moja moja kwenye kanga, hakulia, akaniambia, "Mke mwenzangu, si una mashine? Haya."

Ndivyo anavyoniita, mke mwenza, kwa utani wa bibi na mjukuu. Kaka yangu ni mumewe. Nikachukua penseli, nikachora kila yai mistari miwili na nukta, alama waliyokuwa wanachomwa ng'ombe wa babu. Yakifa haya, mbegu ya yule tetea imekwisha.

Umeme wetu hukatika bila kuaga, kwa hiyo nilitayarisha moto wa akiba. Chini ya sanduku, upande wa kushoto, nilitoboa tundu nikalifunika kwa bati, ili umeme ukikatika tuweke hapo chungu cha makaa. Nikamwelekeza bibi: umeme ukienda, weka, ukirudi, toa. Akaitikia. Ule waya wa kupimia joto, wenye ncha kama punje ya mchele, niliuning'iniza upande huohuo wa kushoto. Ulikuwa mfupi, ukiachwa uning'inie haukufika katikati, ndiyo sababu. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Siku ya nane, kipupwe kimeanza, nilikuwa mlangoni napepeta mchele nikahisi kuna kitu kimepungua ndani ya nyumba. Ilinichukua muda kukijua. Tik haikuwepo. Nikatazama simu: nyuzi thelathini na nane, sawasawa. Nikafurahi, eti mashine imejifunza kutunza joto yenyewe! Lakini mpaka mchana balbu hazikuwaka hata mara moja, furaha ikaanza kuniwasha. Nikampigia kaka.

"Zima, hesabu mpaka kumi, washa," akasema.

"Nimeshawasha. Kimya."

"Angalia waya, panya wasije wakawa wametafuna."

"Mzima."

"Mume wangu huyo?" bibi akadakia kando yangu. "Muulize kama anakula."

"Mwambie mke wangu nakula ugali na vumbi," kaka akajibu, nyuma yake mashine za kusaga mawe zikiunguruma. "Sasa pandisha kiwango mpaka arobaini, tuone."

Nikapandisha. Tik! Balbu zote nne. Niliruka.

"Basi kizima hicho. Rudisha thelathini na nane."

Nikarudisha. Tik, giza.

"Kinakwambia joto lipo, wewe unataka kiseme nini?"

"Linatoka wapi, kaka, na taa hazijawaka tangu alfajiri?"

"Hapo, mdogo wangu, mimi nachimba tu."

Nilipogeuka, bibi alikuwa ameinama anachambua mchele ambao nilikwisha kuuchambua.

"Bibi, nyie zamani mlijuaje yai lina joto?"

"Weka kwenye kope la jicho. Siyo mkono, mkono umezoea masufuria."

Nikafungua sanduku. Yai la kushoto kopeni: moto, hata limezidi. La katikati, vuguvugu. Manne ya kulia yalikuwa ya baridi, kama yametoka dukani. Nikainua pindo la blanketi. Chungu kilikuwa pale, makaa yamefunikwa majivu vizuri, chini kabisa ya ule waya.

"Tangu lini, bibi?"

"Jana na leo. Ukienda bombani." Akashika tama. "Kwa mzazi moto haukosi. Mama yako alipokuzaa nilimwekea makaa chini ya kitanda siku zote za uzazi. Na haya mayai hayana hata mama wa kuyalalia. Nilisema baridi hii, taa peke yake?"

Kwa hiyo kidude hakikuwa na kosa. Kilisikia moto wa bibi, kikaamini sanduku zima lina joto, kikazima taa. Na kosa la kuuning'iniza waya pale lilikuwa langu. Nilimwambia hivyo, nikamwambia tena. Nikachomoa uzi kwenye kanga yangu, nikauvuta waya mpaka ukafika katikati, nikaufunga usawa wa mayai. Chungu nikakitoa. Tik, tik, ikaanza tena.

Tulijifunika blanketi mchana ule, mimi na yeye, tukamulika mayai kwa tochi ya simu. Kumi yalikuwa na mishipa myekundu kama vimizizi. Moja la kulia lilikuwa tupu kama maji. Bibi alilishika muda mrefu.

"Yaani moto wangu," akasema.

"Bibi, haya kumi mazima si uliyaokota wewe?"

Siku zilizofuata hakukaa tena karibu na sanduku. Chungu alikiosha, akakifudikiza nyuma ya mlango. Mimi niligeuza mayai asubuhi, mchana na jioni, na kila mara nikijaribu moja moja kopeni, simu iseme inachosema.

Siku ya ishirini na moja walitoka nane. Wanne wana madoa shingoni, na bibi aliyanyooshea kidole: ni madoa ya yule tetea wa mama yake. Akaupigapiga mfuniko wa sanduku kama mtu anayempongeza ng'ombe. "Wabeja," akaliambia. Asante. Kisha akanigeukia, akanishika mashavu, akasema lilelile.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwenye sala ya jumuiya, na umeme ukakatika. Vifaranga kwenye boksi lao wakaanza kulia, wamerundikana kona moja. Nikaenda nyuma ya mlango. Nikawasha makaa uani mpaka yakawa mekundu, nikayatia kwenye chungu cha bibi, nikayafunika majivu kama anavyofunika yeye. Nikafungua dirisha, nikakiweka kando ya boksi, nikapiga magoti, nikainamisha uso mpaka kope likawa karibu na migongo yao. Palikuwa na baridi kidogo. Nikawasogezea chungu kiasi cha vidole viwili.