Nyumba Aliyoijenga Darmi

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo, muulize yeyote hapa Minjila. Lakini Darmi nitamsifu mpaka mnichoke.

Mwaka ule wa mapigano, sisi Wapokomo na wao Waorma tulifika mahali hatusalimiani hata sokoni. Nyumba yangu ikachomwa. Nikahamia kwenye hema la msaada, mvua ikawa inanyesha ndani kuliko nje. Basi tukaitwa Garsen kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, nami nikasimama.

"Fedha za utamaduni wapewe askari, na sisi tuliochomewa," nikasema. "Ngoma haizuii mshale."

Nikapigiwa makofi. Darmi, mama wa Kiorma anayefundisha wasichana kujenga nyumba za asili, naye akainuka taratibu.

"Dada Mwanaarusi ana uchungu, na ana haki. Lakini askari ataondoka, sisi tutabaki. Nani atatukalisha pamoja?"

Afisa wa utamaduni wa kaunti akafungua kitabu cha sheria. Fungu la utamaduni, akasema, halihamishwi hata wakati wa vita, ila kazi yake sharti ifanywe na jamii zote mbili. Likapitishwa la kujenga nyumba ya Kiorma kwa tamasha. Nilikasirika, wacha tu. Mimi sina paa, kaunti inajenga nyumba ya maonyesho!

Wiki haijaisha, Darmi huyo hemani kwangu. Nyumba ya Kiorma hufunikwa kwa mikeka ya makuti ya mkoma, mti wa jamii ya mnazi, na mikoma mizuri iko shambani kwangu kando ya mto.

"Sheria ndiyo imekutuma?" nikamwuliza.

"Sheria imenipa ruhusa tu. Miguu ni yangu."

Nikacheka bila kutaka. Tukakata makuti pamoja, akanifundisha kusuka, huku akisema mkeka wangu unafaa kuchujia chai.

Tamasha likapita, wageni wakapiga picha wakaenda zao. Afisa akaja na kufuli. Nyumba ni mali ya umma, akasema, na sheria inataka itunzwe na jamii.

"Kwetu nyumba ni ya mwanamke," Darmi akamwambia. "Ukiifunga tupu, mchwa wataimaliza. Weka mtunzaji akae ndani."

"Nani?"

Akanishika mkono. "Huyu. Ameisuka, na hana pa kulala."

Nilidhani ananitania. Afisa akakisoma tena kile kifungu, akawatazama wanawake wa Kiorma waliokwisha kujipanga mlangoni, akaandika jina langu. Jioni ile Darmi aliniletea maziwa na kaa la moto kutoka jikoni kwake, nikawasha moto wa kwanza chini ya paa langu tangu nichomewe. Nililia, sifichi.

Hadi leo wanafunzi huja kuona nyumba ya Waorma. Wakimkuta Mpokomo ndani, hushangaa. Mimi huwaambia waingie, wasiogope, nyumba ni yangu, nimejengewa na dada yangu.