Shanga Kwenye Kola ya Gauni la Mama

Karafuu maiti ndiyo iliyonikamata. Nilikuwa sokoni Korogwe, nimeinamia rundo la magauni ya zamani ambayo mabinti wa siku hizi wanayagombania, nikainua moja lenye marinda na mikono ya puto, harufu ile ikanipanda puani. Muuzaji akanisifu kwamba nina jicho. Sikununua. Nilitafuta pa kukaa, mtu mzima na heshima zangu, mpaka moyo ukatulia.

Mama alikuwa na gauni kama lile. Baba alimnunulia mwaka wa Uhuru, katika duka la Mhindi hapo hapo Korogwe, kwa jasho lake la kukata mkonge: la buluu, lenye maua meupe madogo na kola pana. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nilipopata akili tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha Ujamaa, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Handeni mjini, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi, na duka la kijiji halina kitambaa hata cha kufungia kidonda. Gauni lilikaa kwenye sanduku la bati na karafuu maiti zake. Baba alibaki mkongeni. Misimu mitatu ya mahindi ilipita bila yeye kuja, na hata mimi, mtoto wa miaka minane, nilisikia wanawake kisimani wakisema amepata mwingine huko.

Siku moja mama akafungua sanduku. "Zaina, keshokutwa tunakwenda Korogwe kumchukua baba yako."

Alilivaa gauni, akajitazama kwenye kipande cha kioo, akakaa kitandani. Njaa ya mwaka ule ilikuwa imemmaliza; gauni lilining'inia tu. Vifungo viwili havikuwapo, na panya walikuwa wameionja kola. Basi kazi nikaichukua mimi, sijui kiburi kile nilikitoa wapi. Vifungo nilivikata kwenye shati kuukuu la baba. Mkanda niliusuka kwa ukindu wa zambarau uliobaki kwenye mkeka wa mama, upana wa vidole vitatu, na alipojifunga kiuno chake kikaonekana. Ikabaki kola. Nikachakura sanduku mpaka chini kabisa, nikakuta kitambaa kimefungwa fundo, na ndani yake nyuzi nne za shanga, nyekundu, nyeupe na za rangi ya maji. Nilishangaa kitu kizuri namna ile kufichwa. Nikazikata nyuzi, nikazishona shanga moja moja kuzunguka kola yote, juu ya alama za meno ya panya. Nilijichoma sindano mpaka nikasahau kulia.

Mama aliitazama kola kwa muda. Halafu akasema, "Nani kakufundisha kushona vizuri hivi?"

Asubuhi ya safari alilivaa, lakini juu yake akajitanda kanga mpaka kidevuni, na jua la Handeni unalijua. Nilinuna njia nzima, kwa miguu na ndani ya basi. Kazi yangu yote imefunikwa!

Baba tulimkuta nje ya nyumba za wakata mkonge, ameketi na wenzake. Nilimwamkia, akaniitikia, akasema nimekua. Mama alipiga goti. Hakumlaumu. Alimwambia paa linavuja, shamba limeingiwa na magugu, mtoto anamwulizia kila siku. Baba alikuwa akichora chini kwa kijiti. Kisha akainua macho, akaona upindo wa gauni.

"Hilo bado unalo, Mama Zaina?"

"Ninalo."

Naapa sauti yake ililainika. Hata kijiti alikiweka chini. Nikaona huu ndio wakati wangu, nikashika kanga ya mama nikaivuta. "Baba, tazama kola!"

Mmoja wa wale wanaume akacheka, na wengine wakafuata. Baba alisimama, uso umemwiva kwa hasira.

"Siri yangu na wewe, Mama Zaina? Ndiyo umekuja kuwaanikia hawa?"

Mama aliokota kanga, akaikung'uta vumbi. Baba akaingia ndani, tukasikia komeo. Tulikaa pale nje mpaka basi la mwisho lilipokaribia, na mlango haukufunguka.

"Amelipenda," nilimwambia mama tukiwa njiani. "Ameona haya tu."

"Ndiyo, mwanangu."

Talaka ililetwa na mjomba wake baba kabla ya mvua.

Ninyi mnaonisoma mmeshaelewa zamani. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi niliambiwa siku nilipowekwa ndani, mwali, kungwi akanifunga shanga zangu za kwanza kiunoni. Akasema hizi huonwa na mume peke yake, na mke akizitoa hadharani amemvua mumewe nguo mbele za watu. Nililia kwa sauti. Wanawake walicheka, wakadhani naogopa kuolewa.

Miaka mingi sikuthubutu kulitaja. Mama alizeeka peke yake chini ya paa lile lile, na shanga hakufunga tena. Nilimwuliza alipokuwa anaumwa, ule ugonjwa ambao hakuinuka nao tena. Kwa nini hukuzifumua?

"Ulikuwa umezishona siku mbili."

Na mbona hukumwambia kwamba ni mimi?

"Ili akuchukie na wewe?"

Nikauliza lile lililokuwa likinila tangu siku ya kungwi: nisingeivuta ile kanga, baba angerudi?

"Asingerudi," alisema, kabla sijamaliza swali.

Mama hakuwa mtu wa kujibu haraka.