Kaseti Mbili za Ndoa ya Zainabu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifikiri nimeharibu televisheni. Nilikuwa nimemaliza sekondari mwaka huohuo, na mfanyabiashara mmoja wa Kalundu, bandari ya Uvira, ambaye wote tulimwita Hadji, alinichukua dukani kwake kwa sababu niliweza kusoma vijitabu vya Kifaransa vilivyokuja na vyombo vya umeme. Akanipa kaseti, akaniambia niionje televisheni iliyoshuka asubuhi ile kutoka boti ya Kigoma. Kuonja lilikuwa neno letu la dukani: kuwasha chombo na kuchezesha kaseti mbele ya mnunuzi kabla hajakibeba. Nikaingiza kaseti. Watu wakatokea, wakaimba, wakacheza, lakini wote walikuwa weusi na weupe kama picha ya kitambulisho cha zamani.

"Hadji, rangi imekufa," nikasema.

Hadji hakuinuka hata kitini. "Haikufa, binti yangu. Kaseti iko ya Bujumbura, televisheni iko ya Kigoma. Zinaonana lakini hazisikilizani. Sasa weye utaambia mteja nini?"

"Kwamba ni mbovu?"

"Ukisema vile, minye nafunga duka!" Akacheka mpaka kofia ikamsogea. "Utamuuliza: mama, kaseti zako za nyumbani ziko sistemi gani?"

Hilo swali nililiuliza miaka yote iliyofuata. Vijana wa leo hawalijui, kwa hiyo nilieleze. Video ni picha nyingi zilizosimama, zikipitishwa haraka mpaka jicho linadanganyika. Kulikuwa na sistemi tatu za kuzipitisha. SECAM tuliirithi pamoja na Kifaransa. PAL ilitoka ng'ambo ya ziwa, Tanzania. NTSC ilifika ndani ya masanduku ya jamaa walioko Amerika. Mbili za kwanza hupitisha picha ishirini na tano kwa sekunde, ya tatu karibu thelathini. SECAM ukiiweka kwenye chombo cha PAL unapoteza rangi. NTSC ukiiweka kwenye chombo kisichoijua, picha inapanda tu, inapanda, haitulii. Ndiyo maana wateja wa Kalundu walikuja dukani na kaseti yao wenyewe, imefungwa ndani ya kitenge, na hawakutoa pesa mpaka waone harusi ya kaka yao ikiwa na rangi zake zote.

Kwa Hadji nilijifunza kufungua chombo na kubadili kipande kinachochagua sistemi. Lakini miguu yangu haijawahi kupenda mahali pamoja. Kila boti iliyong'oa nanga iliondoka na nusu ya akili yangu. Nikahamia kijiji cha Luberizi, katika chumba cha video cha msimamizi mmoja mkali tuliyemwita Gerani, nikichezesha filamu kwa wakulima wa mpunga na wachungaji waliotoka malishoni. Huko ndiko nilikoziona diski zikifukuza kaseti za filamu. Gerani hakutaka maelezo yangu. "Muntu wa Luberizi hajui sistemi," alinifokea. "Anajua rangi na anajua kelele. Moja ikikosa, anavunja benchi yangu!" Alikuwa na haki. Benchi mbili zilivunjwa nikiwapo.

Nikatembea tena. Nilikaa kidogo Baraka, kidogo Bukavu, kisha nikarudi Uvira, mtaa wa Nyamianda, katika studio ya mtu tuliyemwita Patroni. Hapo kazi ilikuwa montaji, yaani kuingiza picha za kamera, ambazo bado zilitumia kaseti, ndani ya kompyuta, kukata zisizofaa, kuunganisha zinazofaa, kutia muziki na majina. Tulifanya kwaya, harusi na mahafali.

Patroni alikuwa fundi mzuri mwenye ugonjwa mmoja: aliishi katika toleo lijalo. Kila programu ya kompyuta hutoka upya baada ya muda, na yeye alisoma habari zake mtandaoni kabla haijatoka, kama wengine wanavyosoma habari za wachezaji wa mpira. "Vesio inayokuja itachanganya sistemi zote," alituambia akipangusa miwani. "PAL, NTSC, unatupa zote ndani, inapika yenyewe. Itaweka picha mbili kwa kioo kimoja. Haitasubirisha muntu." Mteja akilalamika kwamba nyuso zimekuwa nyekundu, Patroni alimwahidi toleo jipya. Umeme ukikatika katikati ya kazi, nadhani hata hilo alitarajia toleo jipya lingeliponya.

Ndipo Zainabu akaingia na kaseti mbili.

Nilimfahamu. Familia yake ilikuwa ya wauza vitambaa, Waislamu wa zamani wa mji wetu, na kila mtu alijua kwamba ameolewa na Ramazani, kijana aliyepitia kambi za wakimbizi mpaka akapelekwa Amerika. Ndoa ilifungwa Ramazani akiwa huko. Kwao hilo si ajabu: mume aliye mbali huweka wakili, na Ramazani alimweka mdogo wake, Shabani. Shabani akavaa kanzu, akakaa mbele ya shehe, akashika mkono wa baba ya Zainabu, akasema amekubali kwa niaba ya kaka yake. Simu iliwekwa katikati ya mkeka ili Ramazani asikie kila neno. Naye huko alikuwa amekaa na rafiki zake, simu mkononi, na mmoja wao akipiga video. Kaseti ya kwanza ilikuwa ya Uvira. Ya pili ilikuwa ya Amerika.

"Nilipeleka Nairobi ile kaseti ya hapa, kwa mahojiano ya visa," Zainabu alisema. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayetaka kukimbia. "Ofisa akaangalia, akauliza: huyu aliyevaa kanzu njo bwana yako? Nikasema hapana, ni shemeji. Akaniangalia, dada Riziki! Akaniangalia sawa vile mwizi. Akasema: basi nimeona ukiolewa na shemeji."

"Hukumweleza wakili?"

"Nilieleza mpaka nikalia. Akanipa siku ingine, akasema nilete kitu kinachoonekana. Wakikataa tena, dosie yangu ya maombi inafungwa. Nataka aone wote wawili pamoja, baba akisema 'nimemwoza' na Ramazani akisikia. Kwa kioo kimoja."

Patroni uso ukamng'aa. "Kumbe umekuja wakati mzuri! Hiyo hasa njo kazi ya vesio mpya. Subiri kidogo tu, iko njiani kutoka Bujumbura."

"Patroni," Zainabu akasema polepole, "minye nasubiri bwana. Sasa nisubiri tena na vesio?"

Shida ilikuwa ya kweli. Kaseti ya Uvira ilikuwa PAL, ya Amerika NTSC. Programu yetu ya zamani ilijua picha ishirini na tano tu, na kadi ya kunasa, kile kipande kinachoingiza picha za kaseti ndani ya kompyuta, iliikataa NTSC kabisa. Basi tukasubiri. Diski ya toleo jipya ikafika mikononi mwa dereva wa teksi, na Patroni aliipokea kwa mikono miwili. Tukaiingiza. Kompyuta ikafikiri, ikanguruma, kisha ikaandika maneno matatu manne ya Kifaransa: kumbukumbu haitoshi, mfumo umezeeka. Tukajaribu kwenye kompyuta ya jirani, yenye nguvu zaidi. Pale toleo jipya likafunguka, zuri, limejaa vitufe, lakini halikuitambua kadi yetu ya kunasa. Linaweza kuchanganya sistemi zote za dunia, ila kaseti yenyewe haina mlango wa kuingilia. Patroni alivua miwani, hakuivaa tena siku ile.

Zainabu alitakiwa kusafiri kwenda Nairobi Jumatatu. Hii ilikuwa Ijumaa.

Nikajaribu njia ya kimaskini: televisheni mbili za kioo kinene kando kwa kando, kila moja na mashine yake ya kuchezesha kaseti, na kamera mbele inapiga picha zote mbili. Lakini televisheni hizo hupepesa, na kila sistemi ina mwendo wake wa kupepesa. Nikirekebisha kamera ifuate moja, kwenye nyingine mstari mweusi ulishuka usoni mwa watu kama pazia. Mara Ramazani hana macho, mara baba hana mdomo.

Jioni nikapita kwenye baa ya Mama Noella, ambaye alikuwa ametundika televisheni mbili bapa kwa ajili ya mpira. Kijana mmoja alikuwa amepiga video ya goli kwa simu, akawaonyesha wenzake. Nikachungulia simu yake. Picha ilikuwa safi, haina mstari. Televisheni bapa hazipepesi kama zile za zamani, na zinapokea sistemi zote bila kuulizwa. Nilisimama pale kama aliyepigwa kofi, kisha nikamwomba Mama Noella aturuhusu kuichezesha harusi kwenye televisheni zake.

"Harusi? Kwangu?" Mama Noella akashangaa. "Na nani atakunywa?"

"Wote, Mama Noella. Weye leta tu rimoti."

Zainabu alikuwa mgumu zaidi. "Baba akisikia niko ndani ya baa!"

"Baba yako atakuwa kwa kioo, hawezi kukuona," Patroni akasema. Kwa mara ya kwanza tangu alete kaseti zake, Zainabu alicheka. Akaja Jumamosi mchana, amejifunika, Shabani amesimama mlangoni kama askari.

Tukaziunganisha mashine zetu mbili na televisheni za baa, kamera mbele yake; kazi yote sasa ilikuwa kuzianzisha kaseti mbili kwa pamoja. Alama yetu ilikuwa sauti ya simu: maneno ya baba yalisikika katika kaseti zote mbili. Mara ya kwanza Ramazani alipangusa machozi kabla baba hajafungua mdomo.

"Huyo anajua mapema!" mnywaji mmoja akapaza sauti. "Anza tena!"

Mara ya pili Patroni alichelewa kubonyeza. Mara ya tatu kidole chake na changu vilishuka pamoja. Baba akasema, upande wa kushoto, "Nimemwoza Ramazani binti yangu Zainabu." Upande wa kulia Ramazani akainua uso. Shabani, kushoto, akasema amekubali kwa niaba ya kaka yake, na kulia midomo ya Ramazani ikalifuata neno hilo, bila sauti, pamoja naye. Hatukuwahi kuliona hilo. Kila kaseti peke yake ilikuwa inalificha.

Kisha mchukuzi mmoja wa bandarini, chupa mkononi, akasimama na kupiga kelele: "Hata minye Mukatoliki, nimekubali!"

Baa ikapasuka kwa vigelegele, na umeme wa mtaa ukakatika palepale.

"Ameharibu!" Zainabu akashika kichwa. "Sasa watasema niko na bwana watatu!"

Tulichokuwa nacho ndani ya kamera ndicho hicho. Umeme haukurudi mpaka Jumapili usiku. Kufuta ile kelele na vigelegele kungefuta pia sauti ya shehe iliyokuwa chini yake, nami niliogopa kuikata ndoa ya watu. Tukatengeneza diski jinsi ilivyo. Jumatatu akaondoka.

Siku zile sikuweza kushika kazi. Niliunganisha kwaya ya mteja mmoja na mahafali ya mwingine. Zainabu alipopiga simu kutoka Nairobi, Patroni aliweka sauti kubwa ili wote tusikie.

"Ofisa ameangalia mpaka ile kelele," Zainabu alisema. "Akasimamisha. Akauliza, na huyu ni nani? Nikasema: bwana, ni mulevi wa Kalundu. Akacheka! Akarudisha nyuma, akaangalia midomo ya Ramazani mara mbili. Akasema inatosha. Naenda, Patroni. Naenda!"

Patroni aliketi chini sakafuni, akapumua kama aliyetua gunia. Kisha akasema, "Vesio mpya ingeondoa ile kelele."

"Ndiyo, Patroni," nikamjibu. "Njo maana nafurahi haikufunguka kwa kompyuta yetu."

Studio ilifungwa miaka michache baadaye. Simu zilifanya montaji, na hakuna aliyekuwa na kaseti. Nimestaafu kabla ya mvi, kwa sababu kazi yangu ilizeeka upesi kuliko mimi. Vijana wa mtaa, wanaoniita tantine, yaani shangazi, huniuliza: tantine, simu inayokuja itaongeza nini? Nawaambia waulize pia itakataa kufungua nini. Wananitazama kwa huruma. Zamani ningeumia, nikatafuta boti ya kwenda kokote.

Mwaka jana aliolewa mdogo wake Zainabu, na mume safari hii alikuwapo mwenyewe. Kioo kikubwa kilikuwa ukutani, na Zainabu na Ramazani wakatokea humo kutoka Amerika, mabega yao yamegusana, rangi zote mahali pake. Hakuna aliyeuliza sistemi. Katika miaka yangu yote sikuwahi kukaa kwenye harusi. Nilisimama nyuma ya kamera mpaka masufuria yakaoshwa.

"Dada Riziki!" Zainabu akaniona. "Kamera yako iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Sasa unafanya nini hapo?"

Nikainua sahani aione. "Nakula pilau, Zainabu. Na bado iko moto."