Mama Mkwe Alivyomwinua Fundi Kwenye Kochi

Mlango wa karakana umefunguliwa ubavu mmoja tu. Ndani, fundi makochi amesimama akitazamana na nguzo ya mbao, kiganja chake cha kushoto kimeegemea nguzo hiyo usawa wa kiuno. Vidole vinaanza kupanda. Vinatambaa kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mjusi mwenye mashaka, hadi vinapita kichwa chake. Anashusha pumzi, anaushusha mkono, anaanza upya.

Shati lake limelowa jasho mgongoni. Ametoka matembezini sasa hivi. Nyuma yake fremu ya kochi la watu watatu inamsubiri, haina sponji wala kitambaa, mbavu nje. Mkewe amekwisha kufunua cherehani anayoshonea mapazia upande wa pili wa chumba, lakini hamsemeshi mumewe.

"Saa hizi hata mteja akija na pesa mkononi, atakaa asubiri," mkewe anamwambia mgeni bila kuinua macho. "Ndiyo sheria ya hapa."

Baada ya mkono ni zamu ya vidole. Fundi anamwaga misumari midogo mezani na kuiokota kwa mkono wa kushoto, mmoja mmoja, kuirudisha kwenye kopo. Vidole vinne vinatii. Cha mwisho kinabaki kimenyooka pembeni kana kwamba hakihusiki.

"Huyu ni mtoto mkaidi," anasema akikitazama. "Wenzake wote wamerudi nyumbani, yeye bado anazurura."

Mtaani wanamwita Misumari. Jina alilipata ujanani, kwa tabia yake ya kujaza misumari mdomoni na kuitoa kwa ncha ya ulimi, mmoja kwa kila pigo la nyundo, huku akipiga soga na wateja. Watoto walikuwa wakisimama mlangoni kumwangalia. Leo ana miaka arobaini na tisa, na misumari haikai tena mdomoni mwake. Mkewe alipiga marufuku, na sababu anayo.

Ilikuwa mwaka jana, mchana wa kazi nyingi. Misumari alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi, anavuta mikanda ya kiti, ile inayobeba sponji. Mkewe anakumbuka kwamba nyundo ilinyamaza ghafla. Alipogeuka alimwona mumewe anatabasamu upande mmoja tu wa uso. Msumari ukadondoka wenyewe pembeni mwa mdomo, ukafuatwa na mwingine.

"Nilidhani ananichekesha," anasema. "Nikamwambia, acha utoto, mteja anakuja jioni. Akataka kunijibu, maneno yakatoka kama ya mlevi. Hapo moyo ukanipasuka."

Alimwinamisha, akamtoa misumari mdomoni kwa vidole vyake, kisha akapiga kelele kumwita jirani yao, fundi wa kuchomelea milango ya vyuma. Jirani aliacha mtambo unawaka. Alikuwa na mteja aliyekuja na gari dogo la mizigo kuchukua geti lake. Geti likashushwa, Misumari akapakiwa.

Kilikuwa kiharusi. Kwa kuwa alifikishwa hospitali mapema, uhai haukuwa mashakani. Lakini upande wa kushoto uligoma. Mguu ulikuwa ukibururika ardhini na mkono ulining'inia kama mkono wa koti.

"Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali aliniambia neno moja," anasema Misumari. "Aliniambia, baba, mkono huu haujafa, umelala. Ila hauamshwi kwa vidonge. Unaamshwa na mwenyewe, kila siku, hata siku ambayo hauitiki."

Alirudi nyumbani na mazoezi yake. Kusimama na kukaa. Kuminya kipande cha sponji. Kutembea. Wiki mbili za kwanza aliyafanya kama askari. Wiki ya tatu akaanza kuchagua. Ya nne akaacha.

Haikuwa uvivu, anasema, ingawa watu waliuita hivyo. "Mtu akikuambia chimba kisima, unachimba kwa sababu unaona udongo unatoka. Mimi nilikuwa naminya sponji, sponji inabaki sponji na mkono unabaki vilevile. Nikajiuliza, namdanganya nani?"

Karakanani palikuwa na kochi ambalo mteja wake hakuwa amekuja kulichukua. Misumari akalikalia. Asubuhi alikuwa pale, jioni pale. Waliokuja kumpa pole walimkuta amejinyoosha, wakamwambia apumzike, mgonjwa hakimbizwi. Alilipokea shauri hilo kwa moyo mkunjufu.

Mkewe alijaribu kila njia. Alibembeleza, akanuna, akafoka. "Nikimwambia amka, ananiambia kesho. Kesho yake ilikuwa haifiki. Tukawa watu wa kugombana asubuhi, na mchana hatuongei, na mashine yangu ndiyo peke yake inayolisha nyumba."

Hatimaye akampigia simu mama yake.

Mama mkwe alishuka basi akiwa na begi dogo, fimbo, na mfuko uliojaa uzi wa kufumia. Ni mjane wa umri wa miaka sabini na kidogo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alimpa mkwe wake pole, akala, akalala. Suala la mazoezi hakuligusa kabisa.

Asubuhi yake, jua halijapanda, Misumari alisikia mtu anakohoa barazani. Kikohozi cha adabu, kile cha kumjulisha mtu kwamba upo. Kisha sauti: "Baba, umeamka? Samahani kukusumbua. Magoti yangu haya yakikaa sana yanaganda, nami mtaa wenu siujui. Ungenisindikiza kidogo."

Misumari anacheka anapofika hapa. "Mke nilikuwa namkatalia. Daktari nilimkatalia. Mkwe unamkataliaje? Utaanzia wapi? Niliamka, nikaoga, nikavaa suruali ya heshima."

Walitembea hadi kwenye uzio wa shule, mwendo ambao mtu mzima mwenye afya anaumaliza kabla hata ya kumaliza salamu. Wao uliwachukua sehemu kubwa ya asubuhi. Yeye akiburura mguu, mama akiegemea fimbo. Kesho yake mama akauliza lile duka la dawa lina nini zaidi ya dawa, wakaenda kuliona. Siku nyingine akataka kujua barabara ya nyuma inatokea wapi. Kila mara palikuwa na kitu cha kuona, na kila mara kilikuwa mbele kidogo ya kile cha jana.

Siku moja mguu ulijikwaa kwenye ukingo wa mtaro, Misumari akaenda chini kifudifudi. Anasema alichokiogopa zaidi hakikuwa maumivu, bali kuinuliwa na mama mkwe mbele za watu.

"Hakunigusa. Aligeuka akautazama ukuta wa nyumba ya watu kama ndiyo kwanza anaona ukuta maishani mwake. Akautazama mpaka nikasimama mwenyewe, nikajipangusa. Ndipo akasema, 'Wanasema mwenda pole hajikwai. Sisi leo tumewaumbua.' Tulicheka njia nzima."

Mchana alimpa kazi nyingine. Alikuwa anafuma vitambaa vya kutandika kwenye makochi, na uzi ulitakiwa kukunjwa uwe mpira. Akamwomba mkwe wake amsaidie, ila kwa mkono wa kushoto, kwa sababu, alidai, uzi uliokunjwa kwa kulia unajisokota. Hakuna aliyewahi kusikia jambo kama hilo. Fundi wa kuchomelea alipita akamkuta rafiki yake amezungukwa na uzi wa rangi ya waridi, akamuuliza kama ameolewa na mahari ilikuwa kiasi gani.

Misumari alimwacha acheke. Uzi, tofauti na sponji, ulikuwa unaonekana. Mpira wa kwanza ulikuwa kama embe lililokanyagwa. Wa mwisho ulikuwa mviringo.

Mguu ukaanza kuinuka kutoka ardhini. Mkono ukashika kikombe, kisha sindano ya kushonea sponji. Akarudi kwenye kazi, nusu siku.

Kisha mama mkwe akaaga. Alisema nyumba yake haina mtu na kuku wake wanaliwa na majirani. Aliondoka haraka, na hakutaka kusindikizwa hadi kituoni.

Misumari aliendelea kutembea peke yake siku chache. Ikanyesha mvua, akakaa ndani. Ikaja kazi ya haraka, akasema ataanza ikiisha. Barazani hapakuwa na mtu wa kukohoa. Wiki ikapita, ikafuatwa na nyingine, na mguu ukaanza tena kukwaruza sakafu.

Ndipo kochi alilokuwa amelikabidhi kwa mteja likarudishwa. Kiti kilikuwa kimebonyea katikati kama kapu. Mikanda aliyoivuta kwa mkono wa kushoto ilikuwa imelegea yote. Mteja hakufoka. Alisema tu, kwa upole, kwamba pengine safari hii ajaribu fundi mwingine. Kwa mtu aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, upole huo uliuma kuliko matusi.

Jioni hiyo jirani yake alikuja kumliwaza, na katika kuliwaza akalipua jingine. "Yule mama alikuweza, jirani. Magoti yale ni mazima kuliko yangu. Alikuchezea akili tu, na ulipona. Mwite arudi."

Misumari akaingia ndani amevimba. Akamwambia mkewe kwamba mama yake alimfanya mtoto mdogo, alimdanganya kwa ugonjwa wa uongo.

Mkewe alisimamisha cherehani. "Alikudanganya nini?"

"Magoti."

Mkewe alikunja pazia alilokuwa akishona, akaliweka pembeni. Kisha akamweleza jambo ambalo mama yake alimwapisha asilitoe. Magoti yalikuwa mabovu kweli, mabovu kuliko alivyosema. Kila usiku baada ya matembezi, yeye alikuwa chumbani kwa mama yake akiyakanda kwa kitambaa cha maji ya moto, na mama ameuma ncha ya kanga asisikike. Dawa za maumivu alizokuja nazo ziliisha kabla ya wakati. Daktari wake alikuwa amemwambia atembee kidogo tu, na njia ya tambarare. Hakuondoka kwa sababu ya kuku. Aliondoka kwa sababu goti la kulia lilikuwa halikunjiki tena, na hakutaka mkwe wake alione.

Misumari anapofika hapa hacheki. Anaisogeza misumari mezani kwa kidole. "Mimi nilikuwa nahesabu mateso yangu. Mwenzangu alikuwa anatembea juu ya yake."

Asubuhi iliyofuata aliamka kabla ya mkewe, akavaa suruali ya heshima, akatoka.

Wanaomuuliza siri yake huwaambia hakuna siri. Hakuamka kwa hamu, kwa sababu hamu haikuwepo. Aliamka kwa aibu. Aibu nayo haidumu, ilikwisha baada ya siku kadhaa, lakini kufikia hapo mwili ulikuwa umeshika njia. "Ukingoja upate hamu ndiyo ufanye mazoezi, utangoja mpaka ufukiwe. Mimi huanza bila hamu. Yenyewe hunikuta njiani, na siku nyingine hainikuti, narudi nyumbani hivyohivyo."

Alilichukua lile kochi lililobonyea akalivuta upya bila malipo. Ilimchukua siku nne kazi ambayo zamani ilikuwa ya asubuhi moja. Mteja alilikalia, akainuka, akalikalia tena kwa kishindo, akaagiza viti viwili vya kulifuata.

Fundi wa kuchomelea naye sasa humsindikiza asubuhi. Alipimwa akakutwa na shinikizo la damu, na anakiri kwamba ule mchana wa gari la mizigo haujamtoka kichwani. Huwa analalamika kuanzia mlangoni hadi wanaporudi. Hajakosa siku.

Mambo hayajarudi yalivyokuwa. Zamani Misumari alimaliza seti mbili za makochi kwa wiki. Sasa ni moja, na wiki nyingine inabaki nusu. Hainui fremu peke yake. Jioni mguu ukichoka, hubururika kidogo. Misumari yake huishika kwenye kiganja cha kushoto, akiisukuma kwa dole gumba mmoja mmoja ifike penye ncha za vidole. Mingine humponyoka. Huinama, akaiokota, na kuinama huko nako, anasema, kumo katika mazoezi.

Ila habari kutoka kwa mama mkwe si nzuri. Tangu arudi, goti limemweka ndani. Nyumba yake ina ngazi tatu mlangoni, naye hajazishuka kwa muda mrefu. Hospitali imempa mazoezi ya kunyoosha miguu akiwa amekaa na matembezi mafupi ya uani. Hayafanyi. Misumari humpigia simu kila asubuhi, na kila asubuhi anaambiwa kesho.

"Mganga hajigangi," anasema mkewe, nusu anacheka, nusu hacheki.

Kwa hiyo Misumari ameamua kwenda. Amepanga na wateja wake, na jirani atakuwa akifungua karakana. Nauli ipo. Atakaa huko mpaka aone mama huyo ameshuka zile ngazi, amefika kwa jirani yake wa kwanza, na amerudi akazipanda mwenyewe. Muda utakaochukua haujui, na anasema haoni haja ya kuujua.

Jana alimpa taarifa. Mama mkwe akasema aje tu, karibu sana, lakini ajue kwamba yeye hapendi kuharakishwa.

"Nikamwambia, mama," anasema Misumari akichukua nyundo, "kati yangu na wewe, nani wa kumharakisha mwenzake?"