Mungu Aliyeamshwa Mchana

Kila siku saa sita mchana Mama Hansa alifunga kipazia cha manjano nyuma ya kaunta yake, ili Mungu apate kulala. Mungu mwenyewe alikuwa Krishna mtoto, wa shaba, mkubwa kama ngumi, anayetambaa kwa magoti. Wateja wa duka lake la vitambaa hapa Likasi, kusini mwa Kongo, walijua kwamba kuanzia saa hiyo bei hujadiliwa kwa sauti ya chini.

"Mama, Mungu yako anafanyaka sieste kama bazungu," walimtania.

"Anasikia makelele yenu tangu asubui. Weye ungekuwa Mungu, haungechoka?"

Mama Hansa alizaliwa hapahapa, kwa wazazi waliotoka Gujarati, India. Hakujaliwa mtoto. Fundi wake wa kushona alipokufa kwa kipindupindu, alimchukua binti wa marehemu, Elikia, akamlea kama wake. Akampeleka kanisani kila Jumapili, kwa kuwa marehemu alikuwa Mkristo. Mimi, jirani yake wa ukuta mmoja, nilimwuliza kwa nini hamfundishi dini yake ya Kihindu.

Alitandaza vitambaa viwili juu ya kaunta, akavigeuza. Cha kwanza kilikuwa kimepauka upande wa nyuma. Cha pili kilikuwa na rangi ileile pande zote.

"Hii balipaka juu. Hii uzi yake ilikuwa na rangi kabla ya kufuma," alisema. "Imani iko vile. Muntu anakuya nayo. Inatoka mu tabia yake, mu vitu alifanya, ata mu maisha yenye ilipita. Muntu njo imani yake: vile anaamini, njo vile iko. Minye nitamupaka Elikia nini?"

Alisema pia kwamba imani si ya aina moja. Wapo wanaoabudu kwa sababu ni haki kuabudu, basi. Wapo wanaoabudu ili wapate, au waonekane. Na wapo wanaoutesa mwili, wao wenyewe au wa mwenzao, wasijue kwamba wanamtesa Mungu aliyekaa ndani yake.

Aina hii ya mwisho nilikuja kuiona kwa macho yangu.

Elikia aliolewa, miaka ikapita bila mimba. Akaanza kusali kwa Pasta Athanase, katika ghala la zamani upande wa Shituru. Pasta akamwambia tumbo lake limefungwa na sanamu ya nyumba aliyokulia. Akampa kufunga kavu: hakuna chakula, hakuna maji, hakuna kutoka. Siku ya tatu tukasikia ameanguka. Tukaenda.

Alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imepasuka, watu wakiimba juu yake. Mama Hansa alipiga magoti na chupa ya maji. Elikia aligeuza uso.

"Hatakunywa," alisema Pasta. Hakuwa na ukali wowote. "Ni yeye mwenyewe aliahidi. Lete ile sanamu, mama, tuivunje, njo ahadi itaisha."

"Elikia, ni kweli?"

Binti aliitikia kwa kichwa.

Nilisema tuite polisi. Nilisema mengine pia, siyarudii hapa. Mama Hansa alikuwa ameshasimama. Tulifika dukani kipazia kimefungwa. Akakivuta, akamwambia mtoto wa shaba maneno mafupi kwa lugha yao, akamfunga kwenye ncha ya sari yake.

Ghalani aliiweka sanamu mikononi mwa Pasta. "Vunja. Sasa mutoto anywe."

Shaba haivunjiki. Pasta alipiga nyundo, akapiga tena, jasho likimtoka, na watu wakapiga makofi kila mkono au goti la sanamu lilipopinda. Mama Hansa hakutazama. Alishika chupa, na Elikia akanywa, akatapika, akanywa tena. Daktari aliyemwekea seramu mshipani jioni ile alisema angechelewa kidogo, figo zingekufa.

Elikia ni mzima leo, na hasali tena kule. Lakini mji mzima ulisikia habari ya ushindi. Waumini wa Pasta walishuhudia kwa vipaza sauti jinsi shetani wa Kihindi alivyopondwa na dada akafunguliwa. Wateja walipungua. Wanawake ambao Mama Hansa aliwakatia vitambaa vya harusi walivuka barabara wakimwona. Hata sasa nikipita pale ghalani meno yangu yanakazana.

Nilimkasirikia na yeye. Kwa nini hakupiga kelele, kwa nini hakushtaki? Aliuza duka, kaka yake akaja kumchukua kwenda Lubumbashi, ambako alifariki mwaka uliofuata. Gari lilipokuwa likipakiwa nilimwambia kwamba yule pasta ni tapeli, na kwamba amemchukulia Mungu wake bure.

Akanikazia macho mekundu. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Minye pia niko na kasirani, usizani weye tu," alisema. "Lakini ule pasta haiko tapeli. Anaamini kabisa. Kama alikuwa muongo, ningemucheka."