Mtori Usio na Kitunguu

Mama mkwe wangu alishuka kutoka mlimani, huko Meru, siku kumi kabla mbwa wangu hajazaa, na hilo peke yake lilitosha kuninyima raha. Alisema amekuja kutibiwa macho. Macho yenyewe yalimsumbua tangu mwaka juzi na hakuwahi kuona haraka. Iweje leo, mbwa ana mimba kubwa, ndipo ukungu uzidi? Nilimpokea mkungu wa ndizi aliokuja nao, nikamwamkia, nikamwandalia chumba. Moyoni nikasema, tutaonana.

Ndizi zake nazijua. Kwao mzazi hulishwa mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, na mama mkwe miezi mitatu, asishike hata ufagio. Mimi nililishwa nilipojifungua binti yangu, na nilikuwa na njia zangu za kuumaliza.

Nilikuwa na sababu ya kumshuku. Uzao wa kwanza wa mbwa huyu ulitokea nikiwa msibani. Mume wangu ni dereva wa watalii, alikuwa porini kama kawaida yake, na hapa nyumbani Njiro alibaki mama yake peke yake. Niliporudi nikamkuta mbwa analia chini ya tangi la maji, na chini ya mparachichi kuna udongo mbichi. Mama mkwe akasema watoto walikuwa wanne, wamenyeshewa, baridi imewaua, amewafukia. Alisema hivyo huku anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. Nilitaka kufukua nihakikishe, mume wangu akanikataza kwa simu. Kwake yeye mama hakosei. Mimi nilijua mwanamke huyu anavyowaona mbwa: kazi yao kubweka, chakula chao makombo, na vitoto vinne ni midomo minne ya ziada.

Kwa hiyo safari hii nilijipanga. Daktari wa mifugo, mwenye ofisi Kaloleni, alinipa maelekezo nikayaandika yote kwenye daftari. Siku sitini na tatu tangu apandwe, zipungue au zizidi chache. Mahali pakavu, patulivu, pasipo na upepo. Vitunguu marufuku. Siku za mwisho apimwe joto asubuhi na jioni, maana likishuka chini ya nyuzi thelathini na saba, kwa kawaida atazaa ndani ya siku moja. Fundi wa Ngarenaro alinitengenezea sanduku la mbao, upande mmoja mfupi ili mbwa aingie bila kujikwaruza tumbo, na ndani akazungusha ubao wa kuzuia watoto wasibanwe pembeni. Nililiweka stoo, nikatandika magazeti na mataulo ya zamani, nikaandaa mkasi, uzi na dawa ya vitovu. Kisha nikaongeza kitu ambacho daktari hakukitaja, nacho ni kufuli. Kila nilipotoka nilimfungia mbwa ndani na kuondoka na ufunguo.

Mama mkwe aliliona kufuli. Kila asubuhi aliuliza tu, "Bado?" Bado nini, na yeye inamhusu nini? Siku moja nikamkuta dirishani pa stoo anaongea na mbwa kwa Kimeru, sauti ya chini, kama watu wenye shauri lao. Aliponiona akanyamaza, akaniuliza kama umeme umerudi. Mwenye nia njema ananyamaza kwa nini?

Siku ya sitini na moja, asubuhi, kipimajoto kilisoma thelathini na sita na nukta nane. Nikapima tena, vilevile. Mbwa alikuwa amegoma kula na anachana magazeti kwa kucha. Mtu mwingine angesema haya sasa, wakati umefika. Mimi nilikishuku kipimajoto. Jana yake nilikuwa nimekiacha kwenye rafu, nikakikuta dirishani, na humu ndani, mume wangu akiwa porini, tulikuwa wawili tu. Nikaamua kimechezewa. Nikafunga stoo, nikatia ufunguo kwenye pochi, nikapanda bodaboda kwenda kumwonyesha daktari.

Nikiwa kwenye foleni simu iliita mara tatu. Alikuwa mama mkwe, ambaye huwa hapigi simu hata siku ya Krismasi. Nikajua anautafuta ufunguo. Nikaizima sauti.

Zamu yangu ilipofika, daktari alikitia kipimajoto kwapani mwake, akakisoma, akaniangalia.

"Mama, hiki ni kizima. Mbwa yuko na nani?"

Nikamwambia nimemfungia stoo.

"Na ufunguo?"

Nikautoa kwenye pochi nikamwonyesha. Hakunicheka, na afadhali angenicheka. Akasema nirudi nyumbani sasa hivi, atanifuata.

Nilikuta kufuli limelala sakafuni pamoja na kipande cha mlango, na pembeni yake shoka letu la kuni. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti ndani ya stoo, mikono ina damu mpaka kwenye viwiko.

"Umewafanya nini?" nikamuuliza.

"Funga mlango," akasema. "Baridi inaingia."

Mapajani mwake alikuwa na kitoto kimezungushiwa taulo, anakisugua mgongoni kwa nguvu ambayo mimi ningeiita ukatili. Hakikutikisika. Akakifuta pua, akakisugua tena. Mbwa alikuwa sandukuni anahema, ulimi nje, na wenzake wanne wa kitoto hicho walikuwa wamejipanga kwenye chuchu. Nilipiga magoti nami, na naona haya kusema kwamba kitu cha kwanza nilichofanya ni kuwageuza mmoja mmoja kutafuta alama za vidole shingoni. Hazikuwepo. Wakati nahangaika na uchunguzi wangu, kile cha tano kikapiga chafya, kikaanza kulia.

Daktari alifika saa nane mchana. Alimpapasa mbwa tumboni, akakikagua kitoto cha mwisho, akamwuliza mama mkwe kilikujaje. Akajibu kilitanguliza makalio kikakwama, naye akakivuta kidogokidogo kila mbwa aliposukuma, kama anavyowafanyia mbuzi wake. Daktari akanigeukia mimi. Akasema kama mlango ungesubiri ufunguo, leo ningekosa mtoto na pengine na mama yake. Nilimshukuru daktari. Mama mkwe sikumshukuru, mdomo ulikataa.

Jioni nikasikia harufu ya mtori jikoni. Nikamwona mama mkwe anapita na bakuli kuelekea stoo, na ule ugonjwa wangu wa kushuku ukanipanda tena. Nikamfuata, nikamwomba kijiko, nikaonja mbele yake bila hata kutafuta kisingizio. Ndizi, nyama, mchuzi wa mifupa. Hakuna chumvi. Hakuna kitunguu. Habari ya vitunguu niliambiwa mimi, ikaandikwa kwenye daftari langu, na daftari linakaa kabatini. Amelisoma lini, na kwa macho yapi?

"Mama, nani alikuambia mbwa hapewi kitunguu?"

Aliinama akaliweka bakuli kwenye sanduku. Mbwa akaanza kulamba.

"Mbwa wangu wa kule mlimani," akasema. "Ulipokuja kujifungulia kwangu alihamia chini ya dirisha lako. Miezi mitatu alinenepa, mwanangu. Ila vitunguu vilimtapisha."

Ilikuwa miaka ishirini na miwili iliyopita. Mama yangu mzazi alinionya nisile cha mkwe nisichoona kikipikwa, nami nikafungua dirisha na kumwaga, asubuhi, mchana na jioni, kila bakuli alilonipikia mama mkwe. Nikirudisha chombo kitupu nilisema asante, mama, kitamu. Alikuwa anajua tangu siku zile, na kesho yake alipika tena.

"Wako uko jikoni," akasema. "Nimeutia kitunguu."

Nilikwenda nikajipakulia bakuli zima. Alinifuata polepole, anapapasa ukuta kwa sababu ya macho yake, akavuta kigoda, akakaa kati yangu na dirisha mpaka nilipomaliza.